Ndege ya moja kwa moja, ya kuunganisha au tiketi mbili tofauti: jinsi ya kuchagua

Ukiandika kwenye simu majina ya viwanja viwili vya ndege, jibu linakuja papo hapo: kilomita kadhaa, saa kadhaa. Ukihamia kwenye ukurasa wa kununua tiketi, jibu hilo moja limeshazaa mengi. Safari ile ile, tarehe ile ile, huyu anakuuzia saa 9, yule saa 14, mwingine saa 27. Ya saa 27 ndiyo ya bei ya chini, ya saa 9 inauma mfuko, na ile ya katikati inapitia mji ambao hukuwa na habari nao.

Nyuma ya orodha hiyo ndefu kuna njia tatu tu. Ya kwanza ni ndege inayoruka huku na kutua kule bila kugusa chini. Ya pili ni tiketi moja yenye kubadilisha ndege njiani, kwa kawaida kwenye kituo kikuu cha shirika linalokuuzia. Ya tatu ni kujiungia mwenyewe: unanunua tiketi mbili zisizojuana, mara nyingi za mashirika mawili, na kazi ya kuziunganisha inabaki mikononi mwako.

Tunapima kwa nini

Zote tatu nitazipima kwa mambo manne. Kwanza masafa: kilomita ambazo ndege inaruka kweli, na mchepuko wake ni mkubwa kiasi gani. Pili muda, yaani saa kutoka unapofunga mlango wa nyumbani hadi unapopiga hodi unakokwenda. Saa za angani ni kipande tu cha hizo. Tatu kuchelewa: ndege moja ikichelewa, nani anahangaika na nani analipa. Nne mizigo na viza. Bei nimeiacha nje makusudi. Inabadilika kila siku na unaiona mwenyewe kwenye skrini; kinachohitaji maelezo ni kile ambacho bei hiyo inakununulia.

Kilomita na saa haziendi sambamba

Umbali unaotajwa na programu nyingi ni wa njia fupi kabisa juu ya uso wa dunia, na dunia ni tufe. Ndiyo maana kwenye ramani bapa safari ya New York kwenda Tokyo inachorwa ikipinda juu hadi karibu na Alaska. Ukivuta uzi kati ya miji hiyo miwili kwenye tufe la darasani, uzi wenyewe utapita huko huko kaskazini.

Ndege kubwa ya abiria ikishatulia juu hukimbia kama kilomita 830 hadi 910 kwa saa. Kuruka, kupanda, kushuka na kusubiri zamu ya kutua kunaongeza kama nusu saa. Kwa hiyo hesabu ya haraka ni hii: gawanya kilomita kwa 850, kisha ongeza nusu saa. London hadi New York ni kilomita 5,540 hivi, unapata saa 7. Nairobi hadi New York, njia iliyofunguliwa na Kenya Airways Oktoba 2018, ni kama kilomita 11,800, unapata saa 14 na dakika 20 na ushei. Ratiba yenyewe ilitangazwa kuwa kama saa 15 kwenda na 14 kurudi, kwa hiyo hesabu yetu haiko mbali.

Tofauti ya kwenda na kurudi inaletwa na upepo. Kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12, mahali zinaporuka ndege kubwa, kuna mikondo ya upepo mkali inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Anayeelekea mashariki anasukumwa, anayeelekea magharibi anapambana nayo. Februari 2020 ndege ya British Airways aina ya Boeing 747 ilitoka New York ikafika London kwa saa 4 na dakika 56, ikisukumwa na upepo wa dhoruba iliyopewa jina Ciara. Siku ya kawaida safari hiyo huchukua saa sita na nusu au saba.

Siasa nayo ina mkono wake. Helsinki na Tokyo hazijasogea hata mita moja, lakini tangu anga la Urusi lilipofungwa kwa mashirika ya Ulaya mwaka 2022, safari kati ya miji hiyo imepanda kutoka saa 9 na ushei hadi karibu saa 13. Kikokotoo cha umbali hakitakwambia hilo. Ratiba ya shirika itakwambia.

Na ukiisoma ratiba, kumbuka kila saa imeandikwa kwa saa za mji husika. Kuondoka 22:10 na kufika 06:30 hakumaanishi saa nane na dakika ishirini, kwani huenda kati ya miji hiyo kuna tofauti ya saa tatu au kumi. Alama ndogo ya +1 pembeni ina maana unafika kesho yake. Tiketi inayosema 00:40 tarehe 12 inakutaka uwe kwenye foleni ya kukabidhi mizigo usiku wa tarehe 11, na kuna abiria wanaoifikia ndege hiyo ikiwa imeshaondoka usiku uliotangulia.

Ndege ya moja kwa moja

*Masafa.* Hii ndiyo inayokaribia umbali wa ramani kuliko zote. Rubani huchepuka kidogo kukwepa dhoruba, kufuata upepo mzuri au kuzunguka anga lililofungwa, basi.

*Muda.* Kwa saa za angani haina mpinzani. Ila soma tiketi kwa makini, maana kuna safari zinazouzwa kama moja kwa moja kwa sababu namba ya safari haibadiliki, kumbe ndege inatua njiani. Singapore Airlines wana zote mbili kati ya Singapore na New York. Moja imo kwenye orodha ya safari ndefu kuliko zote duniani: kilomita zaidi ya 15,300, saa 18 na nusu hivi bila kutua. Nyingine ina namba moja ya safari lakini inasimama Frankfurt. Kwa kilomita inazidi kwa kama 1,100 tu, sawa na saa moja na robo ya kuruka, lakini safari nzima inafika karibu saa 24. Sehemu kubwa ya saa nyingine inaliwa na kushuka, kusimama Frankfurt na kupanda tena.

*Kuchelewa.* Hakuna ndege ya pili ya kuikosa, na hiyo ndiyo raha yake kubwa. Udhaifu uko kwingine: njia nyingi za namna hii zina safari moja kwa siku, au chache tu kwa wiki. Ikifutwa, unaweza kusubiri hadi kesho, labda keshokutwa, isipokuwa shirika likupitishe kwa mwenzake.

*Mizigo na viza.* Begi linaingia ndege moja na kutoka ndege hiyo hiyo. Viza unayohitaji ni ya kule unakokwenda tu.

Tatizo linabaki la mwili. Hewa ya ndani ya ndege ni kavu, na presha yake ni kama ya mtu aliye juu ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Utafiti uliosimamiwa na Shirika la Afya Duniani na kutolewa mwaka 2007 ulionyesha kwamba safari ya saa nne au zaidi ya kukaa huongeza maradufu hatari ya damu kuganda kwenye mishipa, ingawa hatari yenyewe inabaki ndogo kwa mtu mwenye afya. Kwenye ndege ile ndefu ya Singapore, aina ya Airbus A350-900ULR, shirika halikuweka daraja la kawaida kabisa: ni viti 161, vyote vya daraja la biashara au daraja la kawaida lililoboreshwa. Saa 18 kwenye kiti chembamba wao wenyewe hawakuthubutu kukiuza.

Inamfaa mwenye tarehe isiyosogea, anayesafiri na watoto wadogo, mzee anayepanda ndege mara ya kwanza, na yeyote ambaye siku ya kazi aliyoipoteza inamgharimu kuliko tofauti ya nauli. Haimfai sana anayeishi mbali na uwanja wenye ndege hiyo, na hilo nitalirudia kwenye hesabu hapo chini.

Tiketi moja, ndege mbili

*Masafa.* Hapa kila kitu kinategemea kituo cha katikati kimekaa wapi. Chukua Nairobi na London: njia fupi ni kilomita 6,840 hivi. Kupitia Addis Ababa unaruka kilomita 1,160 kisha 5,920, jumla 7,080, yaani mchepuko wa asilimia 3 au 4 tu, kwani Addis iko karibu na mstari wenyewe. Kupitia Doha ni 3,350 na 5,240, jumla 8,590. Hizo ni kilomita 1,750 za ziada, saa mbili za kuruka upande ambao huendi. Kabla ya kununua, fungua ramani utazame kituo hicho kiko upande gani. Mashirika hayatakuonyesha, na kwenye orodha ya bei vituo vyote vinafanana.

*Muda.* Unapimwa na kungoja kuliko kuruka. Kila uwanja una muda wa chini unaokubalika wa kubadilisha ndege, na tiketi moja haiuzwi chini ya huo. Kukubalika na kukufaa ni mambo mawili, lakini. Dakika 55 zinamtosha kijana mwenye begi la mgongoni. Hazimtoshi mama mwenye mtoto mkononi akiwa geti la mwisho la terminali nyingine, huku kuna foleni ya kukaguliwa mizigo upya katikati. Binafsi naona saa mbili hadi tatu ndizo za mtu kupumua. Zikipita tano, unaanza kulipia ule unafuu kwa kukaa kwenye kiti cha chuma.

*Kuchelewa.* Hapa ndipo tiketi moja inapoonyesha thamani yake. Ndege ya kwanza ikichelewa ukaikosa ya pili, shirika ndilo linalopaswa kukutafutia nafasi nyingine hadi mwisho wa safari, bila wewe kununua tena. Mahali pengine sheria inakwenda mbali zaidi. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inampa fidia ya euro 250, 400 au 600 abiria aliyefika amechelewa saa tatu au zaidi, ikiwa kosa ni la shirika na safari ilianzia Umoja wa Ulaya, au ilikuwa inakwenda huko kwa shirika la huko. Kiwango hupangwa kwa masafa: hadi kilomita 1,500, hadi 3,500, na zaidi ya hapo, kukiwa na tofauti chache ndani yake. Mwaka 2017 mahakama ya Umoja huo iliamua kwamba abiria wa kuunganisha apimiwe njia fupi kutoka alikoanzia hadi anakoishia, hata kama ndege zilimzungusha. Kilomita za mchepuko ulizoruka hazikuongezei senti.

Kuna sharti moja ambalo tiketi moja inakufunga nalo. Usipopanda kipande cha kwanza, mashirika mengi hufuta vipande vyote vinavyofuata, pamoja na vya kurudi.

*Mizigo na viza.* Kwa kawaida begi linapita lenyewe hadi mwisho. Usilichukulie hilo kwa imani: kabla hujaondoka kaunta, tazama karatasi ndefu iliyofungwa kwenye mshikio wa begi. Pameandikwa herufi tatu kwa ukubwa. Zikiwa za uwanja unakokwenda, LHR kwa Heathrow kwa mfano, hutaliona begi hadi huko. Zikiwa za uwanja wa katikati, utalichukua wewe mwenyewe njiani. Marekani ina utaratibu wake: kwa kawaida anayetua huko kutoka nje, hata akiwa anapita tu kwenda nchi nyingine, anapita uhamiaji, na anahitaji viza au kibali cha kuingia. Nchi nyingine nazo hudai viza ya transiti, yaani ya kupita tu, kwa baadhi ya pasipoti hata kama hutoki nje ya uwanja. Uliza ubalozi au shirika kwa pasipoti yako wewe, kwani jibu la rafiki mwenye pasipoti nyingine halikuhusu.

Inamfaa anayetoka mji usio na ndege ya moja kwa moja, anayetaka kunyoosha miguu katikati ya safari, na mwenye mizigo mingi asiyetaka kuihangaikia.

Tiketi mbili zisizojuana

*Masafa.* Hapa uko huru kabisa, na uhuru huo wakati mwingine unalipa: unaweza kuunganisha mashirika mawili yasiyouziana tiketi ukapata njia iliyonyooka kuliko yoyote inayouzwa kwa tiketi moja. Mara nyingi zaidi, lakini, unafuata bei, na bei inakupeleka pembeni.

*Muda.* Ndege za bei nafuu hupenda viwanja vya pembeni ya mji, kwa hiyo huenda ukatua uwanja mmoja na kuondokea mwingine. Istanbul una viwanja viwili, mmoja upande wa Ulaya na mwingine, Sabiha Gökçen, upande wa Asia. Tokyo una Narita na Haneda. London ni Heathrow, Gatwick, Stansted, Luton na vingine. Jina la mji kwenye tiketi zote mbili halitoshi. Linganisha herufi tatu za uwanja. Hata uwanja ukiwa mmoja, weka saa nne au tano katikati, na kama ndege ya kwanza ina sifa ya kuchelewa, lala hapo usiku mmoja.

*Kuchelewa.* Mzigo wote ni wako. Shirika la pili halijui kwamba upo angani na ndege ya mwenzake. Kwao wewe ni abiria asiyetokea. Unapoteza nauli ya kipande hicho, na kama tiketi hiyo ilikuwa ya kwenda na kurudi, huenda na ya kurudi ikafutwa. Bima nyingi za safari zina masharti kuhusu saa ulizoacha katikati, kwa hiyo yasome kabla ya kulipa.

Tovuti nyingine huuza mpango huu bila kuutangaza sana. Dalili yake ni kuona namba mbili tofauti za buking, au maneno madogo kwamba mizigo utaihamisha mwenyewe. Nyingine huongeza dhamana ya kuunganisha, yaani kukusaidia ukiikosa ndege ya pili. Hiyo ni ahadi ya tovuti, mashirika yenyewe hayahusiki nayo.

*Mizigo na viza.* Unatoka, unapita uhamiaji, unasubiri mkanda, unapita forodha, unapanda tena ghorofa ya kuondokea na kuanza foleni upya kabla kaunta haijafungwa. Kwa kuwa unaingia nchini, viza ya kuingia inahitajika pale ambapo abiria wa transiti angepita bila hiyo. Uzito nao: shirika la kwanza linaweza kukubali mabegi mawili ya kilo 23, la pili likaruhusu begi dogo la mkononi peke yake. Pakia kwa kufuata lile bahili.

Inamfaa mwenye begi la mkononi tu, pasipoti inayomruhusu kuingia nchi ya katikati, na siku za kuchezea. Inamfaa hasa anayetaka kuutembelea mji huo wa katikati. Ukikaa siku mbili, hatari yote ya kukosa ndege inayeyuka.

Hesabu ya mlango kwa mlango

Turudi kwenye kilomita 6,840 za Nairobi na London, kwa kanuni ile ile ya 850. Moja kwa moja inatoa saa 8 na nusu angani. Kupitia Addis ni saa 9 na dakika 20, pamoja na saa mbili na nusu za kungoja: karibu saa 12. Kupitia Doha ni saa 11 na kidogo, pamoja na kungoja kule kule: saa 13 na nusu.

Sasa ongeza kile ambacho kila msafiri anakilipa: saa moja na nusu kwenda uwanjani, tatu za kuwahi kabla ya kuruka, moja na nusu ya uhamiaji na mizigo, moja ya kutoka uwanjani. Jumla ni saa 7, na hazijali umepanda ndege gani. Moja kwa moja inakuwa saa 15 na nusu, Addis 19, Doha 20 na nusu. Kwa saa za tiketi, Doha ilionekana kuzidi kwa karibu asilimia 60. Mlango kwa mlango inazidi kwa theluthi. Tofauti ipo, lakini haitishi kama ilivyotisha kwenye skrini.

Badilisha jambo moja. Tuseme unaishi saa sita kwa basi kutoka kwenye uwanja wenye ndege ya moja kwa moja, huku mji ulio karibu nawe una ndege ya kwenda kituo cha kuunganishia. Ile saa moja na nusu ya kwenda uwanjani imekuwa sita, na safari ya moja kwa moja imefika saa 20. Faida yake yote imeishia barabarani.

Kwa hali yako

Kama kuna tarehe isiyokusubiri, iwe mtihani, usaili, harusi au mazishi, nenda moja kwa moja ikiwezekana; isipowezekana, chukua tiketi moja inayokufikisha siku moja kabla. Tiketi mbili mbalimbali usiziguse kwa safari ya namna hiyo.

Unamsafirisha mzazi asiyezoea viwanja, na moja kwa moja haipo? Nunua tiketi moja yenye kungoja kwa saa tatu hivi, na uliombe shirika mapema huduma ya kiti cha magurudumu hata kama anatembea vizuri. Mhudumu atamtoa mlango wa ndege moja hadi wa nyingine.

Ukiwa na mabegi mazito, tofauti ya nauli kati ya tiketi moja na mbili ihesabu baada ya kujumlisha ada za mizigo za mashirika yote mawili, kwenda na kurudi. Mara nyingi unafuu hubaki mdogo, au haubaki.

Ukiwa na pasipoti inayodaiwa viza kila mahali, anza na orodha ya nchi unazoweza kupita, ndipo utazame nauli. Utakuta nusu ya zile za bei ya chini zimejitoa zenyewe.

Ukiwa na muda kuliko fedha, na begi moja la mgongoni, tiketi mbili zina haki ya kutazamwa kwanza.

Na kama bado umebaki na mbili zinazolingana kwa saa na kwa bei, tazama saa ya kutua. Ile inayofika saa nne asubuhi inakukuta mabasi na treni zinatembea na mwenyeji wako yuko macho. Ile inayofika saa nane usiku itakutaka ulipe teksi, au ulale uwanjani hadi kupambazuke, na gharama hiyo haikuandikwa popote kwenye tiketi.